DIRA YA SIMU NA AMANA YA KIBLA

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu. Sifa zote njema ni zake Yeye aliyeifanya Nyumba yake Tukufu kuwa makutanio ya waja wake, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema hatta Siku ya Malipo.

Amma baad. Limezuka katika misikiti yetu ya pwani suali ambalo wazee wetu hawakulijua kwa sura yake, ijapokuwa asili yake ni kongwe. Mtu huingia msikitini, akatoa simu mfukoni, akailaza juu ya kiganja, akautazama mshale ulio juu ya kioo, kisha akaitazama mihrabu, akaona viwili hivi havikuafikiana. Hapo watu hugawanyika mafungu matatu. Fungu la kwanza husema: simu haikosi, na wazee waliojenga msikiti hawakuwa na vyombo, basi sisi tutafuata simu. Fungu la pili husema: simu ni chombo cha mchezo, haifai hatta kutajwa katika ibada. Na fungu la tatu, nalo ndilo kubwa, hunyamaza. Likasali kila siku na wasiwasi moyoni, halijui kama sala yake imesihi au haikusihi. Kurasa hizi tumeziandika khasa kwa ajili ya fungu hili la tatu. Walakini hayo mengine mawili nayo yana haki ya kujibiwa.

Wala mtu asiseme jambo hili ni dogo. Kuelekea kibla ni sharti katika masharti ya sala, na sharti ikikosekana sala haipo. Na sisi watu wa madhehebu ya Imam Shafii, radhi za Mungu zimshukie, tumeshikilia kauli iliyo nzito: ya kwamba linalotakiwa ni kuielekea Kaaba yenyewe kwa kifua, kwa yakini kwa aliye karibu nayo, na kwa dhana yenye nguvu kwa aliye mbali. Wamekuwako wakubwa waliosema kuwa kwa aliye mbali yatosha kuelekea upande wake tu, na miongoni mwao ni Imam Ghazali aliyefariki mwaka 505 wa Hijra. Lakini kauli inayotegemewa katika vitabu vyetu ni hiyo ya kwanza. Basi atakayesoma haya na azingatie lile neno tulilolitaja, nalo ni dhana yenye nguvu, kwani juu yake ndipo mas'ala yote yanapozunguka.

Kwanza yatupasa tujue chombo chenyewe ni kitu gani, kwani kukihukumu kitu ni tawi la kukifahamu. Ndani ya simu nyingi za leo mna kipande kidogo, kidogo kuliko punje ya mchele, kinachohisi usumaku wa ardhi. Hakina sindano inayozunguka kama dira ya jahazi. Katika simu nyingi hufanya kazi kwa kanuni iliyogunduliwa mwaka 1879 na Edwin Hall wa Marekani: umeme ukipita katika kibati, na sumaku ikawa karibu, umeme ule husukumwa upande mmoja, na msukumo ule waweza kupimwa. Simu hupima hivyo kwa pande tatu, kisha kipande kingine huiambia wapi ni chini na wapi ni juu, ikapata kuijua kaskazini hatta ikiwa imeinama mkononi. Simu za namna hii zilianza kuenea baina ya mwaka 2008 na 2009.

Kisha fahamu ewe ndugu yangu kwamba katika kutafuta kibla simu hufanya kazi mbili, na watu wengi huzichanganya wakadhani ni moja. Kazi ya kwanza ni hesabu. Simu hupokea habari kutoka kwa setilaiti zilizo juu, ikajua mahali ilipo kwa kosa la hatua chache. Na mahali pa Kaaba pajulikana. Basi hupiga hesabu ya pembe baina ya kaskazini na Kaaba. Hesabu hii ni ile ile waliyoihangaikia wanavyuoni wetu wa falaki. Abu Rayhan al-Biruni aliandika kitabu kizima juu ya kupata mahali pa miji na kibla cha Ghazna, akakimaliza mwaka 1025. Katika kazi hii simu haina makosa ya kusemwa. Kazi ya pili ni kuonyesha kwa mkono: kaskazini ndiyo hii, basi Kaaba iko huku. Kazi hii ndiyo ya kile kipande cha kuhisi usumaku, na humu ndimo yaingiamo makosa. Simu ni kama mtu aliyehifadhi kwamba nyumba ya fulani iko upande wa kulia wa msikiti, na kauli yake ni ya kweli, lakini amezungushwa gizani hajui tena msikiti uko wapi. Elimu yake ni sahihi na kidole chake chapotosha.

Makosa hayo yana sababu tatu zijulikanazo. Ya kwanza ni vyuma vilivyo karibu. Nguvu ya usumaku wa ardhi ni dhaifu sana, ni baina ya maikrotesla 25 na 65. Sumaku ndogo ya spika iliyo ndani ya simu yenyewe yaishinda mara nyingi. Mtengenezaji huiondoa athari hiyo kwa hesabu, lakini mtu akitia simu katika mfuko wenye kifungo cha sumaku, au akaiweka juu ya gari, au karibu na spika ya msikiti, au juu ya sakafu ya zege iliyojaa nondo, hesabu ile huharibika. Ndiyo maana simu humtaka mwenyewe aizungushe hewani mfano wa nambari 8: yataka kujua upya ni sumaku ipi ya ardhi na ipi ya jirani. Na ziko simu za bei ndogo zisizokuwa na kipande hicho kabisa. Hizo mshale wake si dira, ni picha tu.

Ya pili ni kwamba kaskazini ya sumaku siyo kaskazini ya kweli. James Clark Ross aliifikia ncha ya sumaku ya kaskazini mwaka 1831 katika nchi ya Canada, na tangu wakati huo imekuwa ikihama, na katika miaka ya karibuni imekwenda makumi ya kilomita kila mwaka kuelekea Siberia. Kwa hiyo wataalamu hutoa hesabu mpya ya usumaku wa dunia kila miaka 5. Na mwaka 2019 walilazimika kutoa nyingine kabla ya wakati kwa sababu ncha ile ilikwenda kasi kuliko walivyokadiria. Katika pwani yetu tofauti ya kaskazini hizi mbili ni ndogo. Lakini watazame ndugu zetu wa Cape Town, ambao wengi wao ni wa madhehebu yetu haya haya ya Shafii. Huko kibla ni kiasi cha digrii 23 mashariki ya kaskazini, na sindano ya dira imekengeuka zaidi ya digrii 20 upande wa magharibi. Mwenye kuichukulia sindano kuwa ndiyo kaskazini ya kweli, akahesabu kutoka hapo, ameiacha Kaaba kwa zaidi ya digrii 20, naye moyo wake umetulia. Simu iliyopangwa vizuri huongeza tofauti hii yenyewe. Isiyopangwa haiongezi, na mwenye kuishika hajui.

Ya tatu ni ya mwenye simu mwenyewe: haraka. Hutazama mara moja, mahali pamoja, akahukumu.

Basi haya ndiyo makosa ya chombo. Je, kwa makosa hayo twakikataa? La, hatukikatai. Sindano ya sumaku si ngeni kwa Waislamu. Sultani wa Yaman al-Ashraf Umar, aliyefariki mwaka 1296, aliandika namna ya kuitengeneza dira na kuitumia kwa kutafuta kibla. Na Shams al-Din al-Ramli, aliye tegemeo la wanavyuoni wetu wa Shafii, ameeleza katika Nihayat al-Muhtaj kwamba yajuzu kuitegemea nyumba ya sindano, yaani dira, katika kuujua wakati na kibla, kwa kuwa yaleta dhana kama inavyoileta ijtihadi, akainasibisha fatwa hiyo kwa baba yake. Na hapana tofauti ya hukumu baina ya sindano inayozunguka na kipande kisichozunguka, maadamu vyote viwili vyahisi kitu kimoja. Basi anayesema kuwa simu haifai kutajwa katika ibada amekataa walichokiruhusu wakubwa wake. Wala asiseme kuwa aliyeitengeneza si Mwislamu, kwani dira ya jahazi na saa ya ukutani nazo tulizipokea kwa watu wa nchi nyingine, tukazijaribu, tukaziona zasema kweli. Chombo hakitoi ushahidi wa dini hatta kitazamiwe uadilifu wake. Uadilifu watakiwa kwa yule anayekitazama.

Lakini tazama alichokisema al-Ramli: ni dhana, siyo yakini. Na hapa ndipo lile fungu la kwanza linapokosea. Wanavyuoni wamezipanga njia za kukijua kibla kwa daraja. Ya kwanza ni kujua mwenyewe kwa yakini, kama kuiona Kaaba. Ya pili ni habari ya mtu mwaminifu anayesema kwa kujua, na katika daraja hii waliiweka mihrabu ya Waislamu iliyodumu katika mji wao, wakapita mbele yake vizazi kwa vizazi pasina kuipinga. Ya tatu ni ijtihadi kwa dalili, na dira ni katika hizo. Ya nne ni kumfuata aliyefanya ijtihadi, kwa asiyeweza mwenyewe. Basi mwenye simu yuko katika daraja ya tatu, na mihrabu iko katika daraja ya pili. Ndiyo maana wakasema: mihrabu kama hiyo haifanyiwi ijtihadi katika upande wake, lakini yajuzu kufanya ijtihadi ya kuelekea kuliani au kushotoni kidogo. Mihrabu ya Mtume, rehema na amani zimshukie, hiyo haiguswi hatta kwa hilo.

Na kwa hesabu pia jambo hili ni wazi. Kutoka Mombasa hatta Makka ni kiasi cha kilomita 2,830. Mtu wa Mombasa akigeuka digrii 1 tu, mstari wake ukifika huko utakuwa umepita mbali na Kaaba kiasi cha kilomita 48. Na dira ya simu hukosa digrii kadhaa hatta ikiwa katika hali nzuri. Basi kijana anayemwambia imamu wake kwamba msikiti huu umekosa digrii 3, na kwa hiyo sala zenu ni batili, amedai yakini kwa chombo kisichotoa yakini. Na ziada ya hayo, atafahamu kuwa jambo analolianzisha ni kubwa, kwani katika madhehebu yetu watu wawili waliohitilafiana katika ijtihadi ya kibla, mmoja hamfuati mwenziwe katika sala. Maana yake ni kwamba anayetoa hukumu kwa kutazama kioo mara moja amejitenga na jamaa, na huenda akawatenga wengine pamoja naye, kwa dhana iliyo dhaifu kuliko aliyoikuta.

Atasema mtu: Je, mihrabu haikosi? Nasi twajibu: hukosa. Wazee wetu wa pwani walijaaliwa wepesi mkubwa, kwa sababu Mombasa na Makka ziko karibu sana katika mstari mmoja wa kaskazini na kusini. Kibla cha Mombasa ni kaskazini khasa, haipungui wala haizidi hatta nusu digrii; Unguja ni digrii 1 na kidogo upande wa mashariki; Lamu ni digrii 2 na nusu upande wa magharibi. Ndipo neno kibla likawa katika lugha yetu jina la kaskazini, kama suheli, jina la nyota, lilivyokuwa jina la kusini. Lakini mazoea nayo hupotosha. Aliyekwenda Ujiji akasimama kaskazini kama alivyozoea kwao, ameiacha Kaaba digrii 20 upande wake wa kulia. Aliyekwenda Mogadishu ameiacha kiasi cha digrii 15 upande wa kushoto. Na aliyeko Maskati kibla chake ni magharibi. Basi anayesema ndivyo tulivyowakuta wazee, pasina kujua wazee walikuwa wapi na walitumia dalili gani, huyo naye hana hoja.

Na mtu azingatie yaliyotokea Java, nchi ya Mashafii wenzetu. Mwishoni mwa karne ya 19 mwanachuoni Ahmad Dahlan wa Yogyakarta alisema kwamba misikiti ya mji wake haikuelekea sawa, kwani kibla cha huko ni magharibi kwa kupanda kiasi cha digrii 25 upande wa kaskazini. Mistari ya safu iliyopigwa katika msikiti mkuu ikafutwa, na msikiti wake mdogo ukabomolewa. Kisha mwaka 1912 akaasisi jumuiya ya Muhammadiyah. Ikapita zaidi ya karne, na mwaka 2010 Baraza la Ulamaa la Indonesia likatoa fatwa ya kwamba kibla cha nchi ile ni magharibi, kisha mwaka ule ule likatoa fatwa nyingine ya kusahihisha, kwamba ni kaskazini magharibi, na kwamba misikiti haina haja ya kubomolewa, bali safu zitengenezwe ndani yake. Katika habari hii mna mafunzo kwa mafungu yote. Elimu ilikuwa kwa yule aliyebomolewa msikiti, na nguvu ilikuwa kwa waliobomoa. Na nguvu haikuipindua elimu. Na ilipokubaliwa kweli, haikubomoa ukuta hatta mmoja. Ilihitaji mistari ya safu tu.

Wala hatuna mfano bora kuliko watu wa Quba. Walikuwa ndani ya sala ya alfajiri wakielekea Shamu, akawajia mtu mmoja akawaambia kwamba Mtume ameamrishwa kuelekea Kaaba, wakageuka vivyo hivyo walivyo katika safu. Zingatia mambo matatu. Habari ilitoka kwa mtu mwaminifu aliyejua alisemalo. Waliosikia hawakuona haya kuacha walilokuwa nalo tangu mwanzo wa sala. Na waligeuka wote pamoja, hakugeuka mmoja akawaacha wenziwe. Basi ukweli, unyenyekevu na umoja vilikutana katika rakaa moja. Na sisi leo huenda tukavipoteza vyote vitatu kwa ajili ya mshale wa simu.

Ikiwa hivyo, afanyeje mtu? Aliye safarini, au katika nyumba mpya, au katika mji usio na mihrabu ya kutegemewa, na aitumie dira ya simu wala asione dhiki, kwani ni dalili katika dalili. Walakini aifanyie haki yake: aondoe mfuko wenye sumaku, aizungushe mfano wa nambari 8, asimame mbali na gari na vyuma, aipime mahali pawili au patatu, kisha ailinganishe na jua au nyota au na ramani. Zikiafikiana, dhana yake imepata nguvu na sala yake ni sahihi. Baadaye ijtihadi yake ikibadilika, atafuata ya pili wala halipi aliyokwisha kusali. Lakini akipata yakini kwamba alikosa, basi kauli iliyo dhahiri zaidi kwetu ni kwamba atalipa.

Na aliye katika msikiti wa watu, akaona tofauti, na asali pamoja nao, kisha amwendee imamu faraghani, amweleze kwa adabu. Na imamu naye asikasirike, kwani aliyemletea habari ya kibla amemletea amana. Kisha wapime pamoja kwa dalili isiyoharibiwa na vyuma. Mwenyezi Mungu amelijaalia jua lisimame juu ya Kaaba yenyewe mara mbili kila mwaka: tarehe 27 au 28 Mei, saa 6 na dakika 18 mchana, na tarehe 15 au 16 Julai, saa 6 na dakika 27 mchana, kwa saa za Makka, nazo ndizo saa zetu za Afrika Mashariki. Wasimamishe mti ulionyooka uani pa msikiti. Mwenye kusimama kwenye ncha ya kivuli akautazama mti, ameielekea Kaaba. Dalili hii haitaki umeme wala setilaiti, na mzee na kijana huiona kwa jicho moja. Ikiafikiana na mihrabu, wasiwasi umekwisha. Ikihitilafiana nayo kwa wazi, na wapige mistari ya safu kwa shauri la wote.

Twarejea kwa wewe uliyenyamaza na wasiwasi wako. Jua ya kwamba hukukalifishwa usichokiweza. Umekalifishwa kujitahidi, na kutosema neno juu ya dini ya Mungu illa kwa kadiri ya unalolijua. Kujifunza dalili za kibla ni faradhi ya kutosheleza kwa waliomo mjini, na huwa faradhi juu ya kila mmoja anapokuwa safarini asipopata wa kumwuliza. Basi simu isikuondolee faradhi hiyo; ikusaidie kuitekeleza. Mtoto wako aliye chuoni mfundishe jua linapanda wapi na linashuka wapi na kaskazini ni ipi, kabla hujamfundisha kutazama mshale, ili siku simu itakapomdanganya apate kuijua kuwa yamdanganya.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azielekeze nyoyo zetu kwake kama alivyotuamrisha kuzielekeza nyuso zetu katika Nyumba yake, na atukusanye katika safu moja duniani na Akhera. Wallahu aalam.